Kipanya Hakijui Kilipo: Historia Fupi ya Kidole Kwenye Ramani

Mjomba wangu ni mnunuzi wa chisense pale Puta, kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Mweru. Chisense ni dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani asubuhi. Tangu 2011 mjomba ameandika kila safari yake ya kununua kwenye daftari la jalada gumu: tarehe, jina la mwalo, bei ya gunia, na pengine neno moja au mawili kuhusu upepo. Kila mwaka daftari lina pengo kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, miezi ambayo serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaane. Daftari hilo limelowa mara mbili. Kwenye baadhi ya kurasa wino umesambaa hadi bei hazisomeki. Ndiyo maana, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nilimwahidi kwamba nitalihamishia kwenye ramani atakayoifungua katika simu yake. Atagusa mwalo, ataona bei za miaka yote.

Insha hii imetokana na kushindwa kwangu kutimiza ahadi hiyo mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Nilidhani kosa ni langu peke yangu. Nilipolifuatilia nikakuta lina historia ya zaidi ya miaka hamsini, na historia hiyo inazunguka swali moja: mtu anapoonyesha kitu kwenye kioo, programu inajuaje ni wapi? Hoja yangu ni kwamba majibu ya wavuti kwa swali hilo yalitungwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mezani akiwa na kipanya mkononi. Sisi tulioingia kwenye wavuti moja kwa moja kwa kidole, bila kupitia mezani, tulihesabiwa kwa miaka mingi kana kwamba ni vipanya.

Nianze na jaribio la kwanza. Niliitengeneza ramani kwenye kompyuta ya maabara. Kila mwalo ulikuwa kidoti, na ukipitisha kishale juu ya kidoti bila kubofya, kisanduku cha bei kilifunguka pembeni. Wenzangu waliipenda. Nilipofika Puta likizo ya Desemba, uvuvi ukiwa umefungwa na mjomba akiwa na nafasi, nilimfungulia ramani kwenye simu yake tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Aliweka kidole gumba juu ya Kabuta. Hakuna kilichotokea. Akasogeza kidole, ukurasa mzima ukapanda juu. Akajaribu tena, safari hii kisanduku kikafunguka, lakini kilifunguka chini ya kidole chake mwenyewe, na alipoinua kidole asome kikabaki kimeganda pale, kikifunika mialo mingine miwili.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye simu ile ramani ilikuwa na upana wa pikseli 360 na ilionyesha kilomita 72, yaani kila pikseli ilikuwa mita 200 za ziwa. Kidole gumba kinafunika pikseli 40 hivi. Kwa hiyo mjomba alikuwa akionyesha kwa kitu chenye upana wa kilomita 8, wakati kidoti changu hakikufika hata kilomita 2. "Mwipwa," aliniambia akinirudishia simu, "hii umewatengenezea watu wenye macho kwenye kucha."

Niliporudi chuoni nilianza na swali ambalo hakuna somo lililowahi kunifundisha: kwa nini "kupitisha juu bila kubofya" kuliwahi kuwepo?

Jibu liko kwenye kipanya chenyewe. Douglas Engelbart na mhandisi mwenzake Bill English walitengeneza kipanya cha kwanza mwaka 1964 huko Menlo Park, California. Kilikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, moja likihesabu mwendo wa kushoto na kulia, la pili mwendo wa mbele na nyuma. Desemba 9, 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya mamia ya wataalamu mjini San Francisco, na hataza yake ilitolewa Novemba 1970. Hataza hiyo inakiita kionyeshi cha mahali, jina ambalo kwa maoni yangu linapotosha kidogo. Kipanya hakionyeshi mahali. Hakijui kilipo. Kinachojua ni kwamba kimesogea kidogo kulia, kidogo mbele. Ukikiinua na kukiweka upande wa pili wa meza, kwake hakuna kilichobadilika. Anayetunza mahali ni kompyuta: inachukua mahali pa mwisho pa kishale, inajumlisha mwendo mpya, inachora kishale upya.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kwa kuwa kompyuta ndiyo inayotunza mahali, kishale kipo wakati wote, hata mtu akiwa ameondoka kwenda kunywa chai. Kina mahali hata kama hakuna kinachobofywa. Ndiyo maana kupita juu ya kitu kuliwezekana, na wabunifu wa michoro wakajenga nyumba nzima juu ya uwezekano huo. Kidole ni kinyume chake kabisa. Kinapogusa kina mahali halisi, hakihitaji kujumlisha chochote. Kinapoinuka, hakipo popote.

Mtu anaweza kudhani kidole kilikuja baadaye sana. Si kweli. Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya kile kipande cha mbao, Mwingereza E. A. Johnson wa kituo cha utafiti wa rada huko Malvern alichapisha makala fupi kuhusu kioo kinachotambua mguso wa kidole, akiwafikiria waongozaji wa ndege. Miaka ya 1970 Bent Stumpe, mhandisi wa CERN karibu na Geneva, alitengeneza vioo vya kugusa kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo wao mkubwa. Na ni CERN hiyohiyo ambako Tim Berners-Lee alipendekeza mwaka 1989 kile ambacho leo tunakiita wavuti. Kwa hiyo wavuti ilizaliwa kwenye taasisi iliyokuwa na vioo vya kugusa vikifanya kazi, lakini iliandikwa kwenye kompyuta ya mezani yenye kipanya, na ikarithi tabia za kipanya.

Urithi huo unaonekana mapema. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kilimwezesha mtu kubofya picha na kutuma kwa seva namba mbili: pikseli ngapi kutoka kushoto na pikseli ngapi kutoka juu. Mwaka huohuo Steve Putz wa Xerox PARC aliweka kwenye wavuti ramani ya dunia iliyotumia namba hizo. Ulibofya, namba mbili zikasafiri hadi California, kompyuta ya huko ikachora ramani mpya iliyokuzwa na kuirudisha kama picha. Kwa macho ya leo ni mwendo wa konokono. Lakini ninaipenda ramani ile kwa sababu moja: ilihitaji tu kujua ulibofya wapi. Haikuhitaji kujua kishale chako kinatangatanga wapi kabla ya kubofya. Mtu mwenye kidole angeitumia bila shida.

Mambo yalibadilika lugha ya JavaScript ilipoingia. Brendan Eich aliiandika Netscape mwaka 1995 kwa siku kumi za Mei, na sasa ukurasa wenyewe uliweza kusikia kishale kikiingia juu ya kitu na kutoka. Mwaka 1997 Netscape na Microsoft walitoa toleo la nne la vivinjari vyao, kila mmoja akiwa na jibu lake kwa swali la "wapi". Netscape walihesabu kuanzia pembe ya juu kushoto ya ukurasa wote, hata sehemu iliyokwisha kusogezwa ikatoka machoni. Wakaiita pageX na pageY. Microsoft walihesabu kuanzia pembe ya dirisha linaloonekana. Wakaiita clientX na clientY. Ukurasa usiposogezwa, majibu yanalingana. Ukiusogeza pikseli 120, majibu yanatofautiana kwa pikseli 120. Kwa mtu anayebofya kitufe hilo si neno. Kwenye ramani yangu pikseli 120 ni kilomita 24.

Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipotoa kanuni rasmi za matukio Novemba 2000 lilichukua clientX, likaiacha pageX nje, ingawa vivinjari viliendelea kuitumia na baadaye ikaingizwa katika kanuni nyingine. Zote mbili zipo hadi leo. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mahali si kitu ambacho programu inakiona. Mahali ni umbali kutoka pembe fulani, na lazima mtu fulani awe ameichagua pembe hiyo.

Halafu ikaja 2007 na simu ya iPhone. Kurasa zote zilizokuwepo ziliandikwa kwa kipanya, na Apple hawakuweza kuziambia kurasa zote duniani zijiandike upya. Walichofanya ni udanganyifu wa heshima. Mtu alipogusa na kuinua kidole, kivinjari kilitangaza kwa ukurasa mfululizo wa matukio ya uongo: kishale kimeingia, kishale kimesogea, kitufe kimebonyezwa, kimeachiwa, kimebofywa. Vyote kwa mkupuo, vyote mahali pamoja, na vyote baada ya kidole kuondoka. Aidha, kivinjari kilisubiri kama theluthi moja ya sekunde kwanza, kisije kikawa ni mguso wa kwanza kati ya miwili ya kukuza ukurasa. Kisanduku kilichoganda kwenye simu ya mjomba kilikuwa matokeo ya uongo huo: kishale cha kufikirika kiliingia juu ya Kabuta, na kwa kuwa hakikuwa na mkono wa kukitoa, kikabaki hapo.

Mwaka uliofuata Apple waliongeza matukio ya mguso yenyewe, ambayo W3C iliyakubali rasmi mwaka 2013. Sasa mwandishi wa ukurasa alilazimika kuandika kila kitu mara mbili, mara moja kwa kipanya, mara ya pili kwa kidole. Microsoft mwaka 2012 walipendekeza njia ya tatu: tukio moja la "kielekezi", bila kujali kama ni kipanya, kidole au kalamu. W3C ililikubali Februari 2015. Chrome ikalipokea Desemba 2016, Firefox 2018, na Safari ya Apple ikawa ya mwisho, Septemba 2019. Tangu iPhone ya kwanza hadi siku ambayo vivinjari vyote vikubwa vilikubaliana kwamba kidole ni kidole, ilipita miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi.

Je, katika miaka hiyo sisi tulikuwa wapi? Mfano ninaouona bora zaidi unatoka Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na vurugu zilizofuata, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi, na Januari 2008 matukio ya vurugu yakaanza kuwekwa kwenye ramani ya wavuti. Mtu aliyeona tukio aliweza kutuma ujumbe mfupi wa simu. Wavuti ilimpokea pia mwenye kompyuta, lakini wa ujumbe mfupi hakuhitaji kuigusa ramani kabisa: alitaja mahali kwa maneno, na mtu mwingine, mwenye kompyuta, akaweka kidoti. Wengi husimulia habari hiyo kama ushindi wa simu ya kawaida, na ni kweli. Lakini ukiitazama kwa upande wa swali langu, inasema jambo lingine pia. Aliyekuwa na habari alikuwa na vidole, aliyeonyesha mahali alikuwa na kipanya.

Mgawanyo huohuo nauona Zambia. Mwaka 2015 Wizara ya Afya, shirika la PATH na Tableau walianzisha kazi waliyoiita Visualize No Malaria, wakianzia Mkoa wa Kusini. Wahudumu wa afya wa jamii walituma idadi ya wagonjwa kwa simu. Idadi hizo zikageuzwa michoro na ramani za kusomwa na maofisa. Sisi wa Nchelenge na Chienge malaria tunaijua vizuri, kanda yetu ni miongoni mwa zenye malaria nyingi zaidi nchini, na sina neno baya juu ya kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba data ilipanda kwa kidole na ikasomwa kwa kipanya. Mjomba wangu na daftari lake alitaka isomwe palepale ilipoandikwa.

Basi nikajaribu mara ya pili. Safari hii nilikwishajifunza kwamba haifai kumtaka mtu alenge kidoti. Programu ichukue mahali pa kidole, itafute mwalo ulio karibu zaidi, ionyeshe bei za mwalo huo juu ya ramani, mbali na kidole. Maktaba ya msimbo niliyotumia ni D3, ambayo Mike Bostock, Vadim Ogievetsky na Jeffrey Heer waliitoa mwaka 2011 wakiwa Stanford, na mbinu hii ya "aliye karibu zaidi" imezoeleka sana kwa watumiaji wake. Ili nijue kinachoendelea niliweka alama ndogo nyekundu mahali ambapo programu inadhani kidole kipo. Nikamtumia mjomba kiungo. Jioni alinipigia.

"Mwipwa, nimegusa Kashikishi. Ile nyekundu imekwenda kukaa kwenye milima ya Kongo."

"Gusa Puta, Mjomba."

Kimya kidogo. "Iko karibu na Pweto. Umenivusha bila karatasi."

Alikuwa akicheka, lakini mimi sikucheka, maana nilijua mama yangu alivuka kutoka Pweto kwa namna gani. Ni Mbwile, kama watu wengi wa Puta, na Wabwile wako pande zote mbili za mpaka. Desemba 2000 vita vilipofika Pweto, yeye alikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia Zambia. Mjomba ni kaka yake na alikuwa ametangulia. Kiswahili ninachoandika nacho insha hii kimekuja kwangu kwa njia hiyohiyo, kutoka kwa mama, ingawa kilifika ziwani zamani zaidi, na wafanyabiashara wa pwani wa karne ya 19. Tippu Tip mwenyewe alipigana na Nsama wa Itawa, mashariki ya ziwa hili, mwaka 1867.

Kosa lilikuwa hivi. Niliichora ramani kwenye kompyuta kwa upana wa vipimo 720. Simu iliibana ienee kwenye pikseli 360. Kidole kilipogusa pikseli ya 240, kwenye mchoro hapo ni kipimo cha 480, lakini mimi niliipa programu 240 kama ilivyo. Kila mguso ukawa umekatwa nusu, upana na urefu, na kwa kuwa kuhesabu kunaanzia pembe ya juu kushoto, kila mguso ulivutwa kuelekea pembe hiyo. Kwenye Ziwa Mweru pembe ya juu kushoto ni Kongo.

Nililisahihisha hilo kwa usiku mmoja. Lakini bado alama ilikosea kila mjomba aliposogeza ukurasa, na hapo ndipo nilipofungua msimbo wa D3 yenyewe, toleo la tatu, ambalo ndilo kitabu nilichoazima kilifundisha. Sisi wanafunzi wa historia hufundishwa kwamba nyaraka huzungumza zaidi pale mwandishi asipokusudia kuzungumza. Nilikutana na kitu cha aina hiyo. Ndani ya sehemu inayotafuta mahali pa kishale kuna jina d3_mouse_bug44083. Namba hiyo ni ya ripoti ya kosa katika WebKit, mtambo ulio ndani ya Safari na, wakati huo, ndani ya Chrome pia. Mtambo huo ulipoulizwa "mchoro uko wapi?" huku ukurasa ukiwa umesogezwa, ulitoa jibu lisilo sahihi. Bostock na wenzake hawakuweza kumwamini shahidi huyo, wala hawakuweza kumpuuza. Kwa hiyo walimtega. Msimbo ule, ukurasa ukiwa umesogezwa, unachora mchoro mtupu usioonekana kwenye pembe kabisa ya ukurasa, ambapo jibu lake linajulikana tangu awali. Unamuuliza mtambo mchoro huo uko wapi. Unaangalia kama amekosea. Unafuta mchoro. Kisha ndipo unaamua kutumia hesabu ya Microsoft au ya Netscape.

Mstari mmoja juu ya hapo kuna sentensi fupi zaidi, inayosema kwa lugha ya msimbo: kama tukio lina vidole, chukua cha kwanza, endelea. Baada ya hapo kidole kinaitwa kipanya hadi mwisho. Toleo la sita, la Agosti 2020, liliondoa njia mbili za zamani, ya kipanya na ya mguso, likaweka moja ya kielekezi. Nilihamia toleo hilo, na kosa la kusogeza likaisha.

Wakati huo nilikuwa nikisoma pia, kwa somo jingine, makubaliano ya Mei 12, 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Sikutegemea yanihusu. Makubaliano hayo yanaeleza mpaka ziwani kwa njia ambayo mtu wa pikseli ataitambua mara moja: kutoka mahali mto unapotoka ziwani, pale Pweto, mstari unyooke moja kwa moja hadi mahali Luapula inapoingilia, ila upindishwe ili kisiwa cha Kilwa kiwe cha Waingereza. Nukta mbili, mstari, na pindo moja. Waliokubaliana hawakuwa ziwani, walikuwa mbele ya karatasi, na ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 5,000 lilikuwa kwao na upana wa viganja vichache. Sidai kwamba mstari wao na alama yangu nyekundu ni jambo moja. Wa kwao una askari. Lakini nimeacha kuwashangaa. Mimi pia nilichagua pembe nikiwa mbali, na kosa langu nililijua tu kwa sababu aliyekuwa ziwani alikuwa na namba yangu ya simu.

Jaribio la tatu lilifanya kazi. Likizo ya Aprili, uvuvi ukiwa umefunguliwa, mjomba aligusa Kabuta, Kashikishi, Chienge, akasoma bei zake mwenyewe za miaka kumi na zaidi, akanisahihishia mbili nilizonakili vibaya. Kisha akampa mama simu.

Mama hakugusa mwalo wowote. Aliweka kidole juu ya Pweto na kukiacha hapo. Ramani, kwa kuwa niliiagiza itafute mwalo ulio karibu zaidi, ikamjibu kwa bei ya gunia la chisense la Chienge.

"Mwanangu," akasema, "hii siyo Chienge."

Ni kweli. Ukitafuta aliye karibu zaidi, daima utampata mtu, hata pale ambapo huna habari yoyote. Nilikuwa nimeondoa ugumu wa kulenga na badala yake nimeweka ramani isiyojua kunyamaza, jambo ambalo kwenye historia nadhani ni kosa kubwa zaidi kuliko la kwanza. Usiku ule niliongeza sharti: mwalo ukiwa zaidi ya pikseli 30 kutoka kwenye kidole, ramani ionyeshe mahali palipoguswa na isiseme kitu. Sasa ukigusa Pweto inatokea alama nyekundu tu, mahali pake hasa.

Limebaki jambo moja ambalo sijui kulitibu kwa msimbo. Vioo vya simu zetu hutambua kidole kwa chaji ndogo ya umeme ambayo ngozi huivuruga, na maji huivuruga pia. Mnunuzi wa samaki ana mikono mikavu mara chache. Wiki iliyopita mjomba alifungua ramani kwenye mvua, akiwa ndani ya mtumbwi, mkono mmoja kwenye gunia. Alama nyekundu, anasema, iliruka kutoka Puta hadi katikati ya ziwa, ikarudi, ikaruka tena, kama vile vidole vitatu vinabishana. Akafuta kioo kwa shati, ambalo nalo lilikuwa limelowa. Mwisho alitoa lile daftari ndani ya mfuko wa plastiki.